Kodi ya nyumba imepandishwa na benefiti haifikii: la kufanya England, hatua kwa hatua

Barua ya kupandisha kodi ikikukuta, usitie saini chochote, usimjibu mwenye nyumba "sawa" kwa WhatsApp, na usianze kufunga mizigo. Haya matatu ndiyo yanayowaponza watu wetu kuliko kodi yenyewe. Una muda, na sheria imekupa njia za kuutumia, lakini kila njia ina tarehe yake. Tarehe ikipita, mlango umefungwa.

Mimi si mwanasheria. Ni mpangaji kama wewe. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa jikoni kwa watu, Wazanzibari, Wakenya, Wabarawa, Wakongo, kuwasomea barua za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na kujaza nao fomu. Ninachokiona mara nyingi ni kwamba mtu akiona benefiti, yaani pesa ya msaada wa serikali, haitoshi kodi, hukimbilia kukata chakula. Mama anaanza kula mara moja kwa siku, watoto wanaacha basi wanatembea, hita inazimwa Januari. Anadhani hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hapana. Pesa ya kula ya watoto si pesa ya mwenye nyumba, na mahakama ya juu kabisa ya nchi hii imeshalizungumzia jambo hilo. Nitafika huko.

Maelezo haya ni ya England, kwa aliyepanga kwa mtu binafsi au kupitia dalali. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao za upangaji, kwa hiyo hatua za notisi na baraza zisikuongoze ukiwa huko. Ukiwa umepanga kwa kaunsili au housing association (shirika la nyumba za bei nafuu), utaratibu wa kupandisha kodi ni mwingine, na kwa kawaida Universal Credit, benefiti kuu ya wenye kipato kidogo, hulipa kodi yako yote, isipokuwa una vyumba vya ziada: chumba kimoja cha ziada kinakukata asilimia 14, viwili au zaidi asilimia 25.

Tena kabla hatujaanza: itazame viza yako. Ikiwa imeandikwa "no recourse to public funds", yaani huruhusiwi pesa za umma, Universal Credit, benefiti ya nyumba na msaada wa kaunsili kwa wasio na makazi ni katika vitu usivyoruhusiwa. Usiombe kwa sababu jirani ameomba akapata. Tafuta kwanza mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Ukiwa na watoto na hamna pa kulala, idara ya watoto ya kaunsili inaweza kuwa na wajibu kwenu chini ya Children Act ya 1989, na msaada huo hauhesabiwi kuwa public funds.

Hatua ya kwanza: isome barua ukiwa na kalenda

Tangu 1 Mei 2026, sheria ya Renters' Rights Act ya 2025 imebadilisha mambo mengi. Mwenye nyumba anaweza kupandisha kodi mara moja tu kwa mwaka, na lazima atumie fomu rasmi iitwayo Form 4A. Lazima akupe notisi ya miezi miwili au zaidi. Kile kifungu cha mikataba ya zamani kilichosema "kodi itapanda kila Aprili kwa asilimia kadhaa" hakina nguvu tena.

Kwa hiyo chukua kalamu. Juu ya bahasha, andika siku uliyoipokea. Ndani ya fomu, tafuta mistari mitatu na uizungushie duara: kodi ya sasa, kodi mpya, na siku kodi mpya itakapoanza. Halafu hesabu. Je, kutoka siku uliyopokea mpaka siku hiyo ni miezi miwili kamili? Je, kodi mpya inaanza siku ileile unayolipa kodi kwa kawaida, mfano tarehe 1 ya mwezi, au imewekwa katikati ya mwezi? Je, umepita mwaka tangu kodi ilipopandishwa mara ya mwisho?

Jibu moja likiwa hapana, notisi inaweza kuwa batili. Ujumbe wa WhatsApp peke yake, au dalali kupiga simu na kusema "kuanzia mwezi ujao ni elfu moja na mia", si notisi. Hapo unaendelea kulipa kodi ya zamani, kwa wakati, na unamwomba kwa maandishi alete notisi ya kisheria. Lakini usijihukumie mwenyewe. Mpe mshauri wa Shelter au Citizens Advice, mashirika ya ushauri wa bure, aitazame kwanza.

Siku ile kodi mpya inapoanza ndiyo tarehe kubwa katika jambo hili lote. Iandike ukutani. Utaona kwa nini kwenye hatua ya nne.

Hatua ya pili: lijue pengo lako limetoka wapi

Watu husema tu "benefiti imenikata". Lakini benefiti hukata kwa sababu tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Fungua taarifa ya malipo ya Universal Credit ya mwezi uliopita uisome mstari kwa mstari.

Sababu ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni Local Housing Allowance. Hiki ni kiwango cha juu ambacho serikali itakulipia nyumba ya binafsi katika eneo lako, kodi yako iwe kiasi gani. Kilipoanza nchi nzima mwaka 2008 kilikuwa kwenye kodi ya kati ya eneo. Mwaka 2011 kikashushwa: ukizipanga nyumba mia za eneo kuanzia ya bei nafuu mpaka ya ghali, kiwango kinasimama kwenye ya thelathini. Kisha kimekuwa kikigandishwa. Kiliganda 2016 mpaka 2020, kikapandishwa, kikaganda tena mpaka 2024, kikapandishwa Aprili 2024, na Aprili 2025 kikaachwa palepale. Kodi za mitaani hazikuganda. Ndiyo maana nataka ulielewe hili vizuri: pengo lako si uvivu wako wala matumizi mabaya yako. Ni hesabu iliyofanywa mbali na jikoni kwako.

Kiwango cha eneo lako unakitafuta kwenye tovuti ya serikali kwa kuingiza postcode. Hesabu na vyumba unavyostahili: chumba kimoja kwa wewe na mwenzi wako, kimoja kwa kila mtu mwingine wa miaka 16 au zaidi, kimoja kwa watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16, kimoja kwa watoto wawili wa chini ya miaka 10 hata kama ni mvulana na msichana. Mwisho vyumba vinne, hata familia iwe ya watu kumi na wawili. Aliye peke yake na hajafika miaka 35 hulipiwa kwa kiwango cha chumba ndani ya nyumba ya kuchangia, ingawa wapo wanaosamehewa, kwa mfano waliokimbia ukatili wa nyumbani au waliokaa hosteli za wasio na makazi kwa miezi mitatu.

Sasa fanya hesabu hii. Tuseme kodi yako ni pauni 800 na kiwango cha eneo ni 850. Kodi ikipanda kuwa 900, Universal Credit inaweza kuongeza 50, na wewe unabakiwa na pengo la 50. Lakini tuseme kodi ilikuwa 950 tangu mwanzo. Ulishagonga dari. Ikipanda kufika 1,050, benefiti haiongezi hata senti, na pengo linatoka 100 linakuwa 200. Ijue hali yako ni ipi kati ya hizi mbili kabla hujazungumza na mtu yeyote.

Sababu ya pili ni benefit cap, yaani dari la jumla ya benefiti zote. Tangu Aprili 2023 familia ndani ya London haipewi zaidi ya pauni 2,110.25 kwa mwezi, na nje ya London 1,835. Ukiwa umeshagonga dari hili, kuongezewa pesa ya nyumba hakukusaidii, kwa sababu inaongezwa mkono huu na kukatwa mkono ule. Lakini lina milango ya kutokea. Nyumba yenye mtu mzima anayepata PIP (benefiti ya ulemavu) au Carer's Allowance (ya anayemhudumia mgonjwa), au mtoto anayepata Disability Living Allowance (DLA, ya ulemavu wa watoto), haikatwi. Wala haikatwi anayefikisha kipato cha kazi kilichowekwa, ambacho ni kama saa 16 kwa wiki kwa mshahara wa chini wa kitaifa. Kiasi chenyewe hubadilika kila Aprili. Nimekutana na wazazi wanaomhudumia mtoto mgonjwa usiku na mchana na hawajawahi kuomba DLA kwa sababu wanaona haya, au wanasema mtoto ni majaliwa ya Mungu. Ni majaliwa, ndiyo. Na fomu ijazwe.

Sababu ya tatu inatugusa sisi hasa, kwa tunavyoishi. Mtu mzima wa miaka 21 au zaidi akikaa kwako, si mke wala mume, Universal Credit inakata zaidi ya pauni 90 kwa mwezi kwa sababu yake. Wanachukulia kwamba anachangia kodi. Kaka yako amekuja "kwa wiki mbili" mwaka jana na bado analala sebuleni? Ukimtaja kuwa mkaazi, anakukata hizo 90 lakini pia anaweza kukuongezea chumba kwenye hesabu. Usipomtaja na anaishi hapo, unajiweka pabaya. Mtoto wako aliyetimiza 21 naye yumo. Wapo wasiokatwa, kwa mfano wewe mwenyewe ukipata PIP ya sehemu ya huduma za kila siku. Na kama anafanya kazi, mkalishe muongee. "Mdogo wangu, unanikatia pauni 90 hata kabla hujala." Ni mazungumzo magumu katika mila zetu, lakini ni afadhali kuliko nyote kutolewa nje.

Mwisho kabisa kuna makato ya madeni: advance (mkopo wa kuanzia) uliyochukua mwanzo, tax credit (benefiti za zamani) ulizolipwa zaidi, umeme. Ukiona yanakuumiza, andika kwenye akaunti yako ya Universal Credit uombe yapunguzwe.

Hatua ya tatu: zungumza na mwenye nyumba, lakini kwa maandishi

Wengi wanaogopa. Wanasema akikasirika atanitoa. Huko nyuma hofu hiyo ilikuwa na msingi, maana notisi ya section 21 ilimruhusu kukutoa bila sababu. Imefutwa tangu 1 Mei 2026. Sasa lazima awe na sababu inayotambuliwa na sheria, kwa mfano malimbikizo makubwa ya kodi, au anataka kuuza, au anataka kuingia mwenyewe au ndugu yake wa karibu. Kwa hizo za kuuza na kuingia, notisi ni miezi minne na hawezi kuitumia ndani ya mwaka wa kwanza wa upangaji.

Mwandikie barua pepe fupi. Mweleze umekaa hapo miaka mingapi na umelipa kwa wakati. Taja kiasi unachoweza, si "naomba upunguze". Mfano: badala ya 1,050, utaweza 980 kuanzia siku ileile. Mkumbushe yasiyotengenezwa: boila, ukungu wa chumbani, dirisha lisilofunga. Mwenye nyumba anayejua hesabu anajua kwamba mwezi mmoja nyumba ikikaa tupu, na dalali akilipwa kutafuta mpangaji, hasara ni kubwa kuliko pauni 70 za kila mwezi. Akikubali, akubali kwa maandishi kabla ya tarehe ile ya ukutani.

Mkiongea kwa simu, maliza kwa kumtumia ujumbe siku hiyohiyo: tumekubaliana hivi na hivi. Neno la mdomo limewatoa watu wengi nyumbani mwao.

Hatua ya nne: kama bei imezidi ya soko, nenda barazani

First-tier Tribunal ni baraza linalosikiliza migogoro ya nyumba. Unaweza kuliomba litazame kodi mpya, ila ombi lazima lifike kabla ya siku kodi hiyo inapoanza. Ukichelewa, kodi mpya ndiyo utakayolipa. Ndiyo tarehe ile ya ukutani.

Sheria mpya imeondoa mambo mawili yaliyokuwa yakiwatisha wapangaji. Zamani baraza liliweza kupandisha kodi kuliko hata alivyotaka mwenye nyumba. Sasa haliwezi kuvuka kiasi alichoandika. Na zamani kodi mpya ilirudishwa nyuma, ukajikuta na deni la miezi. Sasa inaanza baada ya uamuzi, na kama itakuletea dhiki kubwa baraza linaweza kuisogeza mbele kwa miezi isiyozidi miwili. Mpaka uamuzi utoke, unalipa kodi ya zamani.

Lakini niseme kweli: baraza haliangalii mfuko wako. Halijali Local Housing Allowance ni ngapi. Linauliza swali moja tu, nyumba hii, katika hali yake hii, ingepangishwa kwa kiasi gani leo? Kwa hiyo ushahidi wako ni bei za wengine. Ingia tovuti za nyumba za kupanga, Rightmove, Zoopla na OpenRent, tafuta nyumba sita au saba za vyumba kama vyako, mitaa ileile, zenye bei chini ya hiyo mpya, na uzipige picha za skrini zikionyesha tarehe. Ongeza picha za ukungu, zulia lililochanika, kitasa kibovu. Ulichotengeneza kwa pesa yako kwa ridhaa ya mwenye nyumba, kama rangi au zulia jipya, kitaje, kwani hakitakiwi kutumika kukupandishia kodi. Ukiona nyumba zote za mtaa wako kweli zimefika bei hiyo, huenda baraza likakubali kodi yote, na nguvu zako ni bora uzipeleke hatua ya sita.

Hatua ya tano: ripoti kodi mpya, mwezi uleule

Kodi mpya ikianza, ingia kwenye akaunti ya Universal Credit, sehemu ya kuripoti mabadiliko, ubadilishe kiasi cha kodi na upakie notisi. Fanya ndani ya kipindi chako cha mwezi, kile kinachoishia siku chache kabla ya malipo. Ukiripoti ndani ya kipindi, wanakuhesabia kipindi chote. Ukisubiri kipindi kijacho, tofauti ya mwezi uliopita kwa kawaida umeshaipoteza. Ripoti hata kama unaamini umegonga dari, kwa sababu kaunsili itakayokusaidia huangalia kodi iliyoandikwa humo.

Kama uko barazani, kodi bado haijabadilika, basi usiripoti mpaka uamuzi utoke. Na wazee walio kwenye Housing Benefit hawana akaunti hiyo. Wao wanaripoti kaunsili.

Hatua ya sita: omba kaunsili ikuzibie pengo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua. Kaunsili ina fedha za kuwasaidia wanaopata Housing Benefit, au Universal Credit yenye sehemu ya nyumba, ambao kodi imewazidi. Zilijulikana kama Discretionary Housing Payment, na Scotland na Wales jina hilo limebaki. England, tangu Aprili 2026, zimeingizwa ndani ya mfuko uitwao Crisis and Resilience Fund. Andika jina la kaunsili yako na maneno hayo utakuta fomu. Zinaweza kuziba pengo la kila mwezi kwa muda, au kulipa dipoziti na gharama za kuhama.

Si haki ya moja kwa moja; ni hiari yao. Kwa hiyo fomu ndiyo kila kitu, na sehemu inayowaangusha watu wetu ni ile ya mapato na matumizi. Wanaomba taarifa za benki za miezi miwili au mitatu na wanazisoma mstari kwa mstari.

Wiki moja nilikaa na mama mmoja, taarifa ya benki imetandazwa mezani, na mimi na kalamu ya njano. Kila tarehe 3, pauni 200 zimeenda kwa mwanamke mwingine. Mwezi wa pili, pauni 2,000 zimeingia kwa mkupuo. Ofisa akiona hivyo anasoma: huyu anatoa pesa ovyo, tena ana kipato cha siri. Kumbe ni upatu! Wakenya wanaita chama, Wakongo likelemba. Alikuwa amepokea zamu yake, akalipa deni la umeme na viatu vya shule. Tuliandika karatasi moja kueleza: kundi la watu kumi, kila mmoja 200, zamu kwa zamu, hakuna riba, pesa ni akiba yangu mwenyewe inayonirudia. Majina ya wenzake hatukuyaandika. Bila karatasi ile fomu isingezungumza. Fanya hivyo pia kwa michango ya msiba na harusi.

Pesa unayotuma nyumbani ni ngumu zaidi. Kwako kumtumia mama dawa ya sukari ni faradhi. Kwa ofisa ni matumizi ya hiari. Usiifiche, maana inaonekana kwenye benki. Iandike, eleza ni ya nini, na kama unaweza kuipunguza kwa miezi sita waambie ndugu zako na uiandikie kaunsili kwamba umepunguza. Najua uzito wa simu hiyo ya kumwambia mzee nyumbani kwamba mwezi huu haitafika.

Chakula usikipunguze kwenye fomu ili uonekane mwangalifu. Andika unachotumia kweli. Mtu akiandika anakula kwa pauni 80 mwezi mzima na watoto watatu, hesabu inatoka kama ana ziada, na anakataliwa. Taja gharama zilizojificha: dawa, nauli za kliniki, chakula maalumu, umeme wa mashine ya mgonjwa. Ukikataliwa, omba kwa maandishi watazame upya. Na ukishapewa, andika kalendani siku itakapoisha, uombe tena wiki nne kabla.

Siku hiyohiyo omba na Council Tax Support, punguzo la council tax (tozo ya kaunsili kwa kila nyumba), ambayo ina fomu yake na haiji yenyewe kwa kuwa unapata Universal Credit. Ukiwa mtu mzima pekee nyumbani, una punguzo la asilimia 25 la council tax hata kama unafanya kazi.

Hatua ya saba: deni likianza

Lipa ya zamani yote, na ya mpya kadiri uwezavyo, kila mwezi, hata kama ni nusu ya pengo. Chini ya sheria mpya, malimbikizo ya miezi mitatu ndiyo yanayomlazimu hakimu kukutoa ikiwa bado yapo siku ya kesi, na notisi yake ni wiki nne. Deni lililotokea kwa sababu tu Universal Credit unayostahili haijaingia halihesabiwi humo. Hifadhi ushahidi wa lini uliomba.

Madeni yakiwa mengi, mshauri wa madeni anaweza kukuingiza Breathing Space: siku 60 ambazo wadai wa madeni yaliyomo hawaruhusiwi kukusumbua wala kuongeza riba. Kodi ya kila mwezi lazima iendelee kulipwa. Usikope kwa wakopeshaji wa mtandaoni kulipa kodi. Mwezi ujao pengo litakuwepo palepale na deni juu yake.

Notisi ya kutolewa ikifika, ipo huduma ya bure ya kisheria iitwayo Housing Loss Prevention Advice Service, bila kuangalia kipato chako. Inaanza pale unapopata notisi, kwa hiyo usingoje barua ya mahakama.

Hatua ya nane: kaunsili, kabla hujatoka

Kama mmejaribu yote na nyumba haibebeki, usirudishe funguo. Ukitoka mwenyewe, kaunsili inaweza kusema umejitakia kukosa makazi, na ikajivua jukumu la kukupa makazi ya kudumu. Tangu Aprili 2018, chini ya Homelessness Reduction Act ya 2017, kaunsili inalazimika kukusaidia mara inapoonekana utakosa makazi ndani ya siku 56. Nyumba usiyoimudu inaweza kuhesabiwa kuwa nyumba ambayo si haki kukutaka uendelee kuikaa.

Na hapa ndipo penye kesi niliyoigusia mwanzo. Terryann Samuels alikuwa mama wa watoto wanne aliyepanga nyumba ya binafsi West Bromwich. Kodi ilikuwa pauni 700 kwa mwezi, benefiti ya nyumba 548.51. Pengo, 151.49. Alishindwa, akatolewa, na Birmingham City Council ikasema amejitakia, kwa sababu angeweza kuchota kwenye pesa zake nyingine. Pesa zake zote nyingine zilikuwa benefiti za kujikimu na za watoto. Kesi ilizunguka miaka mpaka Supreme Court, ile mahakama ya juu kabisa, na tarehe 12 Juni 2019 mama huyo akashinda. Mahakama ilisema swali si kama anaweza kubana matumizi kwa namna fulani. Swali ni kiasi gani kinahitajika kwa haki kuilea familia, na benefiti za kujikimu kwa kawaida hazikuwekwa ili zibaki za ziada.

Kwa hiyo ofisa akikwambia "ungepunguza chakula ulipe kodi", mjibu kwa adabu kwamba unaomba izingatiwe kesi ya Samuels v Birmingham City Council ya 2019. Liandike jina hilo kwenye karatasi uende nalo. Weka mbele yake hesabu yako ya hatua ya sita, ile ya kweli.

Nenda na notisi, mkataba, taarifa za Universal Credit, taarifa za benki, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za uhamiaji, barua za daktari, na majibu ya mwenye nyumba. Omba mkalimani wa Kiswahili. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo haya. Wakala akikukatalia nyumba nyingine kwa sababu upo kwenye benefiti au una watoto, hiyo nayo imepigwa marufuku, iripoti hapohapo kaunsili. Shelter wanapatikana kwa 0808 800 4444 na Citizens Advice kwa 0800 144 8848, simu zote mbili ni bure. Kaunsili ikikubali kukusaidia, itakuandalia mpango wa makazi unaotaja wao watafanya nini na wewe utafanya nini. Usome wote, uliza usichokielewa, andika jina la ofisa na tarehe, na hakikisha utapewa nakala yake.